Mistari Mitatu ya Mkia

Kwenye klabu yetu ya Alhamisi, ya sisi tunaounda ndege ndogo za mfano, kuna sheria ambayo haijaandikwa popote na kila mtu anaijua: ndege ya mwenzako huigusi. Ukiombwa uisogeze mezani wakati wa mchezo, unashika kijiti cha plastiki kinachoisimamisha, bawa huliwekei kidole. Nimeifuata sheria hiyo miaka thelathini na nane. Jumamosi ya maonyesho niliivunja mbele ya watu mia mbili, na mpaka leo sijutii.

Ndege yenyewe ilikuwa mfano wa Siskin, ndege ya kivita ya Uingereza ya zamani, ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, rangi ya fedha mwili mzima, na urefu wake haukufikia kidole changu cha kati. Ilikuwa imewekwa peke yake juu ya kitambaa cheusi kwenye meza ya mashindano, chini ya dirisha la ukumbi wa michezo, mvua ikipiga kioo. Mbele yake palikuwa na kadi: *Siskin, 1931. Imeundwa na kupakwa rangi na Russell Thorpe.* Pembeni ya kadi majaji walikwisha kubandika nyota nyekundu ya mshindi.

Niliinyanyua nikaisogeza karibu na miwani. Kati ya bawa la juu na la chini, upande ulionielekea, kulikuwa na nyaya za kukazia, nyembamba mno, kumi na sita, zimenyooka kama zimepigiwa rula. Hazikuwa nyaya. Zilikuwa nywele nyeupe za mtu, na mtu huyo nilimjua.

"Weka chini, Stanley." Alikuwa Desmond, katibu wa klabu, amesimama nyuma yangu na pai ya nyama mkononi. "Weka chini, bwana mkubwa. Watu wanatazama."

"Hii ni ya Alwyn."

"Kadi inasema ya Russell."

"Kadi haina macho. Mimi ninayo."

"Unayo, na miwani juu yake. Basi soma kadi."

Hapo damu ilinipanda. Nilimwambia Desmond aende akamalize pai yake mahali pengine kabla sijamsaidia kuimeza. Akacheka, kwa sababu Desmond hucheka kila kitu, hata mazishini.

Alwyn Pickup alikuwa tarishi wa posta katika mji wetu mpaka alipostaafu. Yeye na mimi ndio tulioianzisha klabu, katika chumba cha nyuma cha kanisa, tukiwa na meza mbili na birika moja la chai. Wengine walipenda ndege za vita vikuu, zile zenye rangi ya matope. Alwyn aliunda ndege za ile miaka ishirini tu kati ya vita na vita, na akatuambukiza sote. Alikuwa akisema ndege za miaka ile hazikuwa zikijificha. Zilipakwa fedha, zikachorwa miraba na mistari ya kila rangi, zikaruka ili zionekane. Kila Alhamisi saa moja jioni tulitandika mkeka wa visanduku vya pembe sita, tukazipanga juu ya vijiti vyake, tukacheza kadi za mwendo na kurusha dadu, na ndege za Alwyn zilitunguliwa mara nyingi kuliko za mtu yeyote kwa sababu mkono wake ulikuwa mzuri kwa brashi na mbaya kwa dadu.

Na nyaya zake alizifunga kwa nywele za mke wake. Uzi wa dukani ulikuwa mnene kwa ndege ndogo kiasi kile. Ukiufunga unaonekana kama kamba ya kuanikia nguo. Enid alikuwa na nywele nyembamba sana, na kila Jumapili akichana alimwekea chache ndani ya bahasha. Ndege zake za mwanzo zina nyaya za rangi ya shaba. Za katikati ni mchanganyiko. Za mwisho ni nyeupe. Ungeweza kuzipanga kwa umri bila kusoma hata tarehe moja.

Sasa niseme lililo langu, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nilikuwa na hasira kiasi kile.

Mwezi wa Februari Alwyn alikuja Alhamisi na Siskin hii ikiwa mpya. Aliiweka mezani bila kusema kitu, akangoja. Kwenye mkia, usukani wake ulikuwa na mistari mitatu ya kusimama: bluu mbele, nyeupe katikati, nyekundu nyuma. Nami niliandika kijitabu kwa ajili ya klabu, kurasa thelathini na mbili, juu ya rangi na alama. Nilikiandika baada ya miaka mingi ya kusoma. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na tano, nikaingia kiwandani, na yote niliyonayo kichwani niliyapata katika madarasa ya jioni baada ya zamu, majira sita ya baridi mfululizo, nikiwa na mafuta ya mashine kwenye kucha. Ukurasa wa tisa unasema kwamba mwaka 1930 jeshi liligeuza mistari, nyekundu ikaja mbele.

"Hiyo ni ya mwaka gani?" nilimuuliza.

"Thelathini na moja."

"Basi umekosea, Alwyn. Umeuvisha mkia mistari kinyume."

"Ninayo picha," akasema, akatoa mfukoni picha ya zamani isiyo na rangi. Niliitazama muda wa kuhesabu moja mpaka tatu. Mstari wa mbele ulikuwa mweupeweupe, wa nyuma mweusi.

"Picha yako mwenyewe inakushtaki," nikasema, na nilisema kwa sauti, maana meza zote zilikuwa zinasikiliza. "Rangi iliyokolea ni bluu, iliyofifia ni nyekundu. Nyekundu iko mbele. Miaka yote hii, na bado hujui kusoma picha?"

Watu walicheka. Alwyn akairudisha ndege ndani ya kopo lake la biskuti lililojaa pamba, akavaa kofia, akaondoka. Hakurudi tena Alhamisi yoyote. Sikumfuata. Nilijiambia kwamba mwenye makosa ndiye huja kubisha mlango. Mwezi wa Juni moyo wake ukasimama akiwa bustanini.

Mwanachama akifa, klabu hupeleka watu wawili nyumbani kwake. Wanapanga ndege zake, wanaziandikia orodha, na kila moja inatafutiwa mtu wa kuirusha. Ndege ya marehemu haifungiwi kabatini. Zamu ilikuwa yangu na Russell. Nilisema nina mafua. Russell akaenda peke yake.

Basi, Jumamosi ile ya maonyesho nilimkuta Russell kwenye meza ya chai, akipokea mikono ya watu. Alikuwa meneja wa bima kabla ya kustaafu, mtu wa sweta safi na meno mazuri, mwenye miaka miwili tu katika klabu yetu.

"Nyaya umetumia nini, Russell?"

"Ah, Stanley! Nailoni. Uzi wa kuvulia samaki, ule mwembamba kabisa."

"Unaununua duka gani? Nami niununue."

"Niliagiza. Kunywa chai kwanza, mzee wangu, leo ni siku ya furaha."

"Mimi si mzee wako. Na hiyo nailoni ina mizizi. Nimeiona. Moja ina kijimzizi mwishoni, pale chini ya bawa la kushoto. Samaki gani huyo anayeotesha nywele?"

Waliokuwa karibu waliacha kutafuna. Russell alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Sikiliza. Hata kama, nasema hata kama, Alwyn ndiye aliyeianza. Mkia wake ulikuwa makosa. Nani aliyesema? Wewe. Ukurasa wa tisa. Mimi nimeirekebisha, nikapaka upya, nikaimalizia. Majaji wameusifu mkia huo zaidi ya kitu chochote. Ungepaswa kunishukuru."

Nilirudi mezani nikatazama, na kweli. Nyekundu ilikuwa mbele. Hasira ilikuwa imenifumba macho hata sikuona. Na nitakiri jambo la aibu: kwa muda mfupi sana, kabla ya kitu kingine chochote, nilifurahi kwamba sasa ilikuwa sahihi.

"Una ushahidi, Stanley?" Desmond aliuliza. Safari hii hakucheka. "Kikombe kinatolewa saa kumi. Mzizi wa unywele hautoshi. Kila mtu hapa ana nywele, isipokuwa mimi."

"Ushahidi uko nyumbani kwake anakunywa chai," nikasema. "Usimpe mtu yeyote kikombe mpaka nirudi."

Enid alifungua mlango akiwa na aproni. Alinitazama koti linavyochuruzika maji, hakunikaribisha.

"Miezi mitano," akasema. "Kadi yako ya rambirambi ililetwa na posta. Unakaa mitaa mitatu kutoka hapa, Stanley. Mitaa mitatu! Alwyn angetembea dakika nne, na mzigo mgongoni."

"Najua."

"Hujui. Ingia, unalowanisha ngazi yangu."

Nilimweleza wima, jikoni, kofia mkononi. Nilipofika kwenye kadi yenye jina la Russell aliacha kupangusa meza.

"Nyingine nilimpa," akasema polepole. "Azigawe kwa watu wa klabu, kama mnavyofanya. Lakini ile ya baba sikumpa. Waya wake mmoja ulikuwa umekatika. Nilimwomba aufunge, anirudishie. Kila nikimpigia simu, anasema gundi haijakauka. Tangu Agosti! Gundi gani hiyo, ya kujengea daraja?"

"Ya baba?"

"Baba yangu alikuwa fundi wa nyaya. Jeshini. Kazi yake ilikuwa kuzikaza nyaya za ndege ile kila asubuhi kabla haijaruka. Alwyn hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Hukumpa nafasi. Alirudi siku ile akaketi hapo ulipo, hakuvua koti. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, Stanley amenifundisha kusoma picha."

Alifungua droo akaitoa. Ilikuwa picha ileile. Safari hii niliona kwamba kuna mtu ndani yake, kijana mwembamba amesimama kando ya mkia, ameshika koleo, anacheka. Mwezi wa Februari nilitazama mistari tu. Mtu sikumwona kabisa.

"Haya, msomi," Enid akasema. "Mimi nilikuwa kiwandani nashona soksi wakati wewe unaenda shule ya jioni, kwa hiyo nifundishe na mimi. Hilo duara kubwa hapo ubavuni. Nje rangi gani?"

"Bluu. Nyeupe katikati, na kitovu chekundu."

"Siku zote?"

"Siku zote. Hilo hawakuligeuza hata mara moja."

"Basi niambie mbona hapa nje pamefifia na kitovu ni cheusi."

Nilivaa miwani. Nikaivua, nikaipangusa, nikaivaa tena, ingawa nilikwisha kuona. Bluu ya duara ilikuwa imetoka nyeupenyeupe kama maziwa. Nyekundu ya kitovu ilikuwa nyeusi kama kaa la mawe. Filamu za zamani zilikuwa hivyo: nyekundu hazikuiona kabisa, na bluu ziliiona kama mwanga. Nilifundishwa jambo hilo mwaka 1959, jioni ya Jumanne, na mwalimu aliyekuwa na chaki kwenye tai yake. Nililiandika daftarini na kulipigia mstari. Na kama bluu ya duara imefifia, basi mstari uliofifia ni bluu. Bluu ilikuwa mbele. Amri ya mwaka 1930 ilikuwa haijafika kwenye mkia ule, au ilifika na hakuna aliyekuwa na brashi. Alwyn alijua. Alikuwa na picha, na baba mkwe wake ndani ya picha, na kila mstari aliuweka pale ulipokuwa.

"Kwa nini hakunijibu?" nikasema. Sauti yangu ilitoka kali, kana kwamba yeye ndiye mkosaji. "Angesema neno moja tu! Duara. Angesema duara!"

"Mbele ya watu wote? Akuaibishe?" Enid alikuwa anafungua kamba za aproni. "Alisema ungekuja mwenyewe ukishagundua. Alisema, Stanley ni mtu wa haki, atagundua kabla ya Pasaka. Kila Alhamisi alikuwa akisikiliza geti. Mpumbavu mwenzako. Nipe koti langu."

Tulifika ukumbini saa kumi kasoro dakika chache. Desmond alikuwa jukwaani na kipaza sauti, akipoteza muda kwa vichekesho, na nilimshukuru kimoyomoyo. Enid alipita katikati ya watu moja kwa moja hadi kwenye meza ya mashindano. Russell alimwona akageuka rangi.

"Bi Enid! Nilikuwa nataka kukupigia."

"Gundi imekauka?"

"Nilitaka iwe zawadi kwako, nikikuletea pamoja na kikombe."

"Chenye jina lako?"

Enid alivua kitambaa chake cha kichwani kilicholowa, akang'oa unywele mmoja mbele ya majaji, akaulaza juu ya kile kitambaa cheusi kando ya ndege. Hakuna aliyehitaji kueleza. Jaji mmoja aliinama na lenzi yake, akatazama nyaya, akatazama unywele, akainuka na kuibandua ile nyota nyekundu kwa ukucha. Russell alichukua koti lake. Alipopita karibu nami alisema, "Mkia bado ulikuwa makosa." Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, kwa kuwa mjukuu wangu husoma mambo yangu.

Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nimeshinda, na hasira ya mtu aliyeshinda ina utamu wake. Lakini Enid hakuigusa ndege. Alikuwa ananitazama mimi.

"Bado wewe," akasema.

"Nitalisema Alhamisi, klabuni."

"Siku ile ulisema mbele ya nani?"

"Mbele ya wote."

"Kwa sauti gani?"

Nilipanda jukwaani. Desmond alinipa kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na kichekesho. Niliwaambia kwamba kwenye meza ile kuna Siskin ya Alwyn Pickup. Niliwaambia kwamba mwezi wa Februari nilimwita mtu asiyejua kusoma picha, na kwamba asiyejua nilikuwa mimi. Nikaeleza habari ya duara, na nilipokuwa nikieleza niliona wazee wa klabu, mmoja mmoja, wakipiga vipaji vya nyuso zao, maana wao pia waliiona picha ile na wao pia walicheka. Nikasema ukurasa wa tisa wa kijitabu changu uchanwe. Hakuna aliyepiga makofi. Ningewachukia kama wangepiga.

Desmond alimfuata Enid akamwambia majaji wako tayari kukipa kikombe jina la Alwyn.

"Nifanye nini na kikombe?" Enid akamjibu. "Kabati langu limejaa vikombe, na vile vina vishikio. Nataka mkia wa baba."

Jumapili asubuhi nilikuwa mlangoni kwake na spiriti, pamba, kibano na brashi zangu. Safari hii nilikaribishwa, kama ni kukaribishwa kuambiwa ufute viatu mara mbili. Rangi ya Russell ilikuwa ile ya maji, ya kisasa. Ya Alwyn ilikuwa ya mafuta, ngumu kama ganda la yai. Nililoweka pamba kidogo, nikaugusa mkia. Nyekundu ililainika, ikachuruzika kama damu, nikaifuta. Chini yake bluu ya Alwyn ilikuwepo, na ukingo wake haukuwa na hata wimbi moja. Mkono wangu haujawahi kupiga mstari kama ule, na hautapiga tena sasa.

Ulibaki waya uliokatika, ambao Russell hakuushughulikia kamwe. Alikuwa amegeuza ndege ili upande ule uelekee ukutani.

Enid aliniletea bahasha. Ilikuwa na mwandiko wa Alwyn: *Jumapili*.

"Umebaki mmoja humo," akasema. "Ukiukata, hupati mwingine. Sing'oi nywele za kichwa changu kila siku kwa ajili yako."

Niliutoa kwa kibano. Ulikuwa mwepesi kiasi kwamba pumzi yangu iliutikisa. Tundu la kuupitisha halizidi ncha ya sindano, na ili uingie lazima mkono uwe umetulia kabisa. Nilikuwa na hasira na Russell, na hasira na wale waliocheka. Nilikuwa na hasira na Alwyn kwa heshima yake ya kijinga, kwa kuketi miezi minne akisikiliza geti badala ya kuja kunipigia kelele, nami ningempigia kelele, tukaishia kunywa chai. Zaidi ya wote nilikuwa na hasira na yule mtu mwenye kijitabu.

"Vipi?" Enid akauliza.

"Mkono haujatulia."

"Basi ngoja."

Akavuta gazeti, akaanza kusoma. Niliuweka unywele juu ya bahasha, nikaweka mikono yote miwili juu ya meza, viganja chini, nikangoja. Picha ya baba yake ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari mbele yangu, na kijana yule aliendelea kucheka na koleo lake. Chai ilipoa. Enid alimaliza gazeti akaanza tena ukurasa wa kwanza. Hakuniambia kwamba nililomtendea Alwyn si kitu, na sikumwomba aniambie.